Usiku ninaamua, asubuhi ninageuza: niende Kolwezi ao nifungue atelye?

Swali: Niko na miaka 27, ninakaa Katuba, Lubumbashi. Nilimaliza kontabilite, lakini tangu miaka mitatu ninashona nyumbani kwa mama. Sasa nimepata kazi ya ofisi Kolwezi, kontra ya mwaka moja, dola 450 kwa mwezi, nijibu ndani ya siku kumi. Tena kuna chumba karibu na soko ya komini Kenya, dola 70 kwa mwezi, garanti (kodi ya kuweka kwa mwenye nyumba kabla ya kuingia) miezi sita. Kiko na dirisha kubwa upande wa barabara, mwangaza unaingia mpaka saa kumi na moja, mashine inaweza kukaa palepale chini yake. Niko na akiba ya dola 300 na mashine mbili. Mama anasema Kolwezi. Yaya, mkubwa wangu, anasema atelye. Rafiki anasema niuze mashine moja nipate ya kuanzia kule. Usiku ninaamua, asubuhi ninageuza. Sijui mimi mwenyewe ninataka nini. Mtu anajuaje?

Jibu: Dada, umefunga maswali matatu katika kikwembe kimoja, ndiyo maana ukikinyanyua kinakushinda. La kwanza ni la kazi: unakubali kontra au hukubali. Hilo lina tarehe. La pili ni kama ushonaji ndiyo riziki unayotaka kuishi nayo. Hilo halina tarehe yoyote. Hakuna aliyekupa siku kumi za kulijibu. La tatu ni la mashine, na limejipenyeza kama jambo dogo, nitalirudia mwishoni. Kila usiku unayajibu yote kwa mpigo, halafu asubuhi jibu la moja linabomoa la lingine. Chukua kaye (daftari), kila swali lipe ukurasa wake, na juu ya ukurasa andika siku ya mwisho ya kulijibu. Wa ushonaji unaweza kuuandikia miezi sita.

Kabla ya kuuliza moyo, uliza mfuko. Mara nyingi mtu anasema "sijui ninachotaka" wakati kweli hajui kama kitu kinawezekana, na moyo hauna jibu la hesabu. Chumba chako: garanti ni 70 mara 6, yaani 420. Kodi ya mwezi wa kwanza 70. Meza ya kukatia, pasi, taa, nyuzi na vifungo, weka 100, na hapo umebana sana. Jumla 590. Una 300. Hata ukiamka kesho na uhakika kama wa nabii, mlango ule haufunguki bila dola 290 nyingine. Lakini ukimwendea mwenye parseli, yaani mwenye nyumba, akakubali garanti ya miezi mitatu, jumla inashuka hadi 380, na pengo linakuwa 80. Je, umemwuliza? Watu wengi huumia miezi juu ya mlango ambao hawajaugonga.

Upande wa Kolwezi, 450 haitakuwa 450. Uliza kwanza kama ni kabla au baada ya makato ya kodi na CNSS (hifadhi ya jamii). Tuseme ni baada. Chumba 100, chakula 120, basi na simu 40, ya kutuma nyumbani 70: zinabaki 120. (Hizi ni namba za kukisia, weka zako.) Mwenye nyumba wa kule naye atataka garanti, ikiwa ni miezi mitatu, akiba yako yote imekwisha kabla ya mshahara wa kwanza. Hapa kuna jambo la kuuliza kabla ya kutia sahihi: Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamdai mwajiri anayemwajiri mtu kutoka nje ya mahali pa kazi ampe makao ya heshima, au posho badala yake. Tafuta neno la makao katika kontra. Kama halimo, uliza kwa upole, kwa maandishi. Jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu kwa dola 100 kila mwezi.

Uangalie pia kipindi cha majaribio. Kwa mfanyakazi wa ofisi sheria hiyo inaruhusu hadi miezi sita, na ndani yake pande zote mbili zinaweza kuachana kwa notisi fupi. Maana yake kukubali Kolwezi ni mlango wenye bawaba: unaingia, unaweza kutoka. Garanti iliyokwisha lipwa kwa mwenye parseli hairudi kwa urahisi hivyo, wewe mwenyewe unajua wenye nyumba wetu. Uamuzi unaorudika upewe siku. Usiorudika upewe wiki. Wewe umefanya kinyume, umeupa ule wa kurudika uzito wa ndoa.

Sasa swali lenyewe. Mtu anajuaje anachotaka? Kwa kukaa kitandani na kujiuliza, hajui. Kutaka kunaacha alama, na alama zinasomwa.

Alama ya kwanza iko katika saa zako. Rudi nyuma siku 30, andika zile saa ambazo hakuna aliyekutuma: Jumamosi mchana, usiku baada ya bukari, Jumapili baada ya kanisa. Zilienda wapi? Halafu pesa ambazo hukulazimika kuzitumia. Mtu anayesema anapenda uhasibu lakini kwa miaka mitatu hajafungua kitabu kimoja cha hesabu bila kulazimishwa, ajisikilize vizuri. Na anayesema anapenda kushona lakini nguo za wateja zinalala wiki tatu bila kuguswa, naye ajisikilize.

Ya pili iko katika barua yako. Kuhusu Kolwezi umeandika mshahara, muda na siku ya kujibu. Kuhusu chumba umeandika dirisha, mwangaza wa saa kumi na moja, na mahali mashine itakapokaa. Sitalifanya hilo kuwa hukumu, maana chumba umekiona na Kolwezi hujaiona. Jicho hueleza lilichokiona. Ndiyo sababu kabla ya siku ya tano utafute mtu mmoja anayefanya kazi ya namna hiyo kule, umpigie simu. Usimwulize "kazi ni nzuri?" Atakujibu "tunashukuru". Mwulize jana aliamka saa ngapi, alirudi saa ngapi, alikula na nani, mara ya mwisho kuja Lubumbashi ilikuwa lini, na mshahara uliingia tarehe ngapi. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walionyesha kwamba mtu hukisia vizuri zaidi furaha yake ya kesho akimsikiliza aliyekwisha pita pale, hata kama ni mgeni kwake, kuliko akitegemea picha ya kichwani mwake. Nasi ni wagumu kukubali hilo: kila mtu anajiona wa pekee.

Ya tatu ni kijicho. Tumefundishwa kukionea aibu, lakini ni dira nzuri. Nani akipata kitu wewe unawashwa kidogo? Yule wa darasa lenu anayeshuka kwenye basi la kampuni na beji shingoni, au yule fundi ambaye harusi nzima imevaa mikono yake? Ila usiishie kwenye utamu. Jiulize kama ungechukua maisha yake pamoja na uchafu wake.

Na uchafu unaonekana Jumanne. Usiwaze siku ya kufungua atelye wala siku ya mshahara wa kwanza, siku hizo hudanganya. Chukua Jumanne ya mwezi wa tano tangu uanze. Katika atelye: umeme umekatika tangu asubuhi, pasi imepoa, mama mmoja amekuja mara ya tatu na blauzi yake bado haina mikono, mwingine anachukua nguo na kusema nusu iliyobaki ataleta mwisho wa mwezi. Kolwezi: umeamka bado giza, vumbi, fakture hadi macho yanauma, unarudi kwenye chumba ambacho hakuna anayekuuliza umekula nini. Andika Jumanne zote mbili, nusu ukurasa kila moja, bila kuzipamba. Halafu jiulize ipi ungeivumilia mara mia. Kutaka kitu ni kukubali bei yake, na bei ya maisha hulipwa siku za Jumanne.

Kuna pia kutaka kwa ajili ya macho ya watu. Jipime hivi: kama mama asingejua, yaya asingejua, na usingeweka picha yoyote popote, ungechagua nini? Jibu likibadilika, sehemu ya kutaka kwako ni ya watazamaji. Hiyo haina dhambi, heshima nayo ni mali hapa kwetu, lakini iandike kwa jina lake.

Kwa nini usiku hivi, asubuhi vile? Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Vipimo vingi vya baadaye viliweka uwiano huo kwenye takriban mara mbili. Ukishachagua Kolwezi usiku, asubuhi atelye inageuka kuwa kitu ulichopoteza, na kilichopotea kinang'aa. Ukichagua atelye, Kolwezi ndiyo inayong'aa. Ni maumivu tu, nayo yatakuja upande wowote. Njia ya kuyatoa ni kugeuza swali. Tuseme tayari unaishi Kolwezi na kazi hii: ungeiacha leo kwa ajili ya chumba kile na deni la dola 290? Tuseme tayari una atelye ile inayotembea: ungeifunga kwa ajili ya 450 Kolwezi? Ukijibu hapana mara zote mbili, unachokipenda ni kutohama, na hapo ujue hivyo. Ukijibu ndiyo mara moja na hapana mara moja, umepata upande.

Sarafu nayo inasaidia, ingawa watu huicheka. Steven Levitt, mchumi wa Marekani, alikusanya kwenye intaneti mirusho zaidi ya 20,000 ya sarafu ya watu waliokuwa njia panda. Baada ya miezi sita, waliokuwa na uamuzi mzito na wakabadilisha maisha yao walikuwa na furaha kuliko waliobaki walipokuwa. Kumbuka tu kwamba anayekwenda kurusha sarafu juu ya maisha yake tayari ana mguu mmoja nje. Wewe itumie kwa njia nyingine: irushe, ikiwa bado hewani sikiliza unaomba ianguke upande gani. Usipoomba chochote, hiyo nayo ni habari: mizani iko sawa, chagua kwa hesabu na ulale.

Ile karatasi ya safu mbili, faida na hasara, ni ya zamani. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Amerika, alimweleza mwanasayansi mwenzake Joseph Priestley kwa barua mwaka 1772: andika kwa siku tatu au nne, halafu futa sababu za uzito sawa pande zote mbili uone kinachobaki. Kosa la wengi ni kuhesabu mistari. Mistari saba ya "nitazoea mji mpya, nitapata marafiki" inashinda mmoja wa "mama anaumwa sukari na mimi ndiye ninayemtazama". Kwa hiyo kila mstari upe uzito wa 1 hadi 10 kabla ya kujumlisha, na siku ya pili uupime tena bila kutazama namba za jana. Mstari uliotoka 9 ukaanguka hadi 3 ulikuwa hasira ya siku ile, uufute.

Ila karatasi isikushikilie. Siku tano za kwanza kati ya kumi zako zitumie kupima kwa mikono. Hutafungua atelye kwa siku tano, lakini unaweza kuomba nafasi kwa fundi unayemfahamu, ukakaa na mashine yako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukahesabu kitu kimoja tu: watu wangapi wameacha avansi, yaani malipo ya mbele. Sifa usihesabu. Ndugu watakusifu bure, na wengine watataka kushonewa bure pia. Mtu aliyeacha nusu ya bei mezani amesema kweli. Avansi hiyo isiguse garanti. Mpaka blauzi itoke ni deni. Na angalia uko mwezi gani. Kabla ya tarehe 8 Machi kila mwanamke ana kikwembe mkononi, kabla ya shule kufunguliwa Septemba ni mashati meupe na sketi za bluu, Desemba haina usingizi. Wiki ya misimu hiyo ikikuletea wateja kumi, gawa kwa mbili kabla ya kuota. Na jioni ya kila siku andika neno moja: mgongo unauma na nataka kurudi kesho, au mgongo unauma na sitaki. Kama umegundua unapenda nguo iliyokwisha lakini si kuishona, hilo umelinunua kwa bei nafuu sana.

Watu wa kuuliza wawe watatu, basi. Mmoja anayejua Kolwezi, mmoja anayejua biashara ya ushonaji, mmoja anayekujua wewe. Kila mmoja mwulize anachokijua. "Ungekuwa mimi ungefanya nini" usimwulize mtu, maana atakujibu kwa hofu zake mwenyewe. Ukishauliza watu kumi na wawili, unachokusanya ni kelele. Mama ni jambo jingine; kwake usiende na swali. Ukienda na "mama, nifanye nini?" umempa uamuzi, na kumnyang'anya baadaye ni kumvunjia heshima. Nenda siku ya nane, umekaa, simu iko mbali: "Mama, nimepima, nimeona hivi, kwa sababu hizi mbili. Ninaomba baraka yako, na ninaomba unisaidie kwa hili." Mpe kitu cha kufanya. Akipinga, mwache amalize. Sababu mpya kabisa uipime. Ileile iliyorudiwa kwa sauti ya juu haina uzito mpya.

Kitu kinachowakwamisha waliosoma, na wewe umesoma, ni kutafuta kilicho bora kuliko vyote. Herbert Simon, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alifundisha jambo lenye nafuu: weka kwanza masharti ya kutosha, chagua cha kwanza kinachoyatimiza, acha kutafuta. Andika yako matatu kabla ya kutazama tena kontra wala chumba. Kwa mfano: ibaki angalau dola 100 kwa mwezi, niweze kufika kwa mama ndani ya siku moja akiumwa (Kolwezi ni kama kilomita 300, inawezekana), kushona kusikatike kabisa. Kinachopita masharti yote kinatosha. Na zoeza msuli huo kwenye vidogo: sokoni, kitu cha chini ya dola tano kipe dakika moja, na ukishalipa usirudi kuulizia bei ya meza ya jirani.

Kama ni Kolwezi, kuna sentensi moja ya kuogopa: "nitafanya mwaka mmoja tu, nikusanye." Mwezi wa nne wa kazi mshahara tayari una wenyewe: minervali (ada ya shule) ya mtoto wa dada, simu ya mkopo, chumba kikubwa zaidi. Andika kiasi na mwezi kabla ya kupanda basi: dola 600, mwezi wa saba wa kazi. Halafu pesa zitoke mikononi mwako siku ileile ya mshahara. Likelemba (mchango wa kupokezana) ya watu sita, dola 100 kila mmoja, ukianza mwezi wa pili na kuchukua zamu ya mwisho, inakupa 600 mwezi wa saba. Zamu ya mwisho ndiyo yenye hatari, waliokula mapema wanaweza kupotea, kwa hiyo ingia na watu ambao kazi na nyumba zao unazijua. Ishirini inayobaki ni ya malaria na ya misiba.

Siku ya tisa, kabla ya saa sita mchana, jibu kampuni, ndiyo au hapana, kwa sentensi mbili. Usiombe siku nyingine tano. Utazitumia kama hizi. Mara tu baada ya hapo fanya kitu kinachogharimu: kata tiketi ya basi, au lipa sehemu ya garanti mbele ya shahidi na upewe karatasi. Siku tatu za kwanza utajuta, ni ile hasara inayouma. Andika tarehe ya kupima upya, tuseme siku 90, na mashaka yakija kabla yake yaandike nyuma ya kaye, uyajibu siku hiyo. Ila kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, na hata kuchagua nguo ya asubuhi kunakutoa machozi, hilo limepita ushauri wa aina hii, nenda kituo cha afya.

Sasa mashine. Usiuze. Utapata labda nusu ya ulichonunulia, na siku utakayorudi utalipa bei nzima. Ukibaki, unazihitaji zote mbili. Ukienda, mwachie fundi mmoja unayemwamini moja afanyie kazi, mkubaliane kwa maandishi sehemu yako kwa kila nguo na nani analipa ikivunjika. Nyingine ibaki kwa mama: safisha vumbi la nyuzi chini ya sindano, tia matone ya mafuta ya mashine kwenye kila tundu lake, ifunike na kikwembe cha zamani, usiiweke sakafuni kwa ajili ya unyevu wa masika. Mwambie mdogo wako aizungushe dakika tano kila Jumamosi, mafuta yasigande.